Teatri ya Lubumbashi: nyumba ya michezo iliyogeuka nyumba ya siasa

Siku ya kikao cha wabunge wa jimbo, mtu anayepita katikati ya mji wa Lubumbashi hawezi kukosea njia. Magari yamepangwa mbele ya jengo, polisi wako mlangoni, na waandishi wa habari wanangoja kwenye ngazi na mikrofoni zao. Kijana akiulizwa pale ni wapi, atajibu: ni bunge la jimbo. Mwingine atataja jina lililo rasmi, Bâtiment du 30 Juin, yaani jengo la tarehe 30 Juni. Lakini kati ya wazee waliokulia Kamalondo, Kenya au Katuba, wapo ambao bado wanaliita kwa jina la zamani: ku teatri.

Wazee hawakosei. Jengo hilo lilijengwa kwa ajili ya michezo, muziki na dansi. Lilikuwa teatri ya mji. Lakini halikukaa na kazi hiyo kwa miaka mingi. Kila mara wakubwa walipotafuta ukumbi wa kuzungumza mambo ya serikali, waliuona ule wa teatri uko tayari: viti vipo, jukwaa lipo, sauti inasikika vizuri. Ndiyo maana historia ya nyumba hii moja, pamoja na nyumba za jirani yake, inaeleza historia ya mji mzima.

Mji wa shaba, mji wa mipaka

Lubumbashi ulianza mwaka 1910, wakati reli iliyotoka kusini ilipofika katika eneo la shaba. Wabelgiji waliupa mji jina la malkia wao, wakauita Élisabethville. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru ya kuyeyusha shaba ilianza kufanya kazi karibu na mto Lubumbashi. Mpaka leo bomba kubwa la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha mabaki ya shaba ndivyo alama ya kwanza ambayo mgeni anaona kwa mbali.

Barabara za mji zilipimwa zikanyooka, zikakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Upande mmoja walikaa Wazungu. Upande mwingine, mbali kidogo, kulikuwa na site ya Waafrika, ile ambayo leo ni komini ya Kamalondo. Katikati uliachwa uwanja mtupu ulioitwa « zone neutre ». Mtu mweusi alivuka asubuhi kwenda kazini, na jioni alipaswa kurudi. Kutembea usiku katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa lilikuwa kosa.

Katika mji huo wa Wazungu majengo makubwa yaliinuka moja baada ya lingine. Kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo lilijengwa kwa matofali mekundu. Nyumba ya mahakama, Palais de Justice, ilipewa nguzo kubwa ili kila anayepita aone nguvu ya sheria ya mkoloni. Hoteli kubwa iliitwa Léopold II. Leo ni Park Hotel. Mwaka 1930 sinagogi ilifunguliwa, iliyochorwa na Raymond Cloquet, kwa ajili ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka katika kisiwa cha Rhodes na kufanya biashara Katanga. Masista na mapadri walikuwa na shule zao. Matajiri walikutana katika Cercle Albert-Élisabeth. Filamu zilionyeshwa kwenye sinema. Lakini nyumba iliyojengwa kwa makusudi ya teatri haikuwepo bado.

Teatri inajengwa

Baada ya vita vya pili vya dunia bei ya shaba ilipanda na mji ukatajirika. Ilikuwa wakati wa kujenga. Kati ya mwaka 1953 na 1956 teatri ya mji ilisimama, na katika mwaka huohuo wa 1956 chuo kikuu nacho kilifungua milango Élisabethville. Wakuu wa mji walitaka kuonyesha kwamba huku Katanga hakuna mashimo ya madini tu. Kuna pia elimu na sanaa.

Aliyechora ramani ya teatri ni Claude Strebelle, Mbelgiji mzaliwa wa 1917 aliyetoka katika familia ya wasanii: baba yake Rodolphe alikuwa mchoraji, na ndugu yake Olivier mchongaji. Alifanya kazi na wenzake katika kikundi walichokiita Yenga. Mkaaji yeyote wa Lubumbashi anaelewa neno hilo bila kufafanuliwa, kwa sababu katika Kiswahili cha hapa watu husema « kuyenga nyumba ». Miaka mingi baadaye, huko Ubelgiji, Strebelle alijulikana kwa kazi yake ya kupanga eneo la chuo kikuu cha Liège huko Sart Tilman.

Strebelle hakufuata mtindo wa Palais de Justice. Hakuweka nguzo za kizamani. Alichora jengo la kisasa, akalifikiria pamoja na jumba la makumbusho lililo pembeni yake, ili mahali pote pawe mtaa wa utamaduni. Kwa wakati wake lilikuwa jengo la fahari, na picha zake zilipita kwenye kadi za posta.

Hapa pana jambo ambalo mtu asilifiche. Waliochanganya saruji na kubeba matofali walikuwa Waafrika. Waliokaa kwenye viti jioni, wamevaa suti na magauni, walikuwa hasa Wazungu. Na hii ilikuwa katika miaka ambayo sanaa ya Waafrika wa mji ilikuwa imechanua kweli kweli. Tangu mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alikuwa na karakana yake ya uchoraji, mahali walipofanyia kazi Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, ambao kazi zao leo zinatafutwa na makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha shule ya sanaa. Joseph Kiwele alitunga muziki wa kanisa uliounganisha sauti za Ulaya na za Katanga. Mji ulikuwa na wasanii wake wengi upande wa pili wa zone neutre, na teatri upande huu.

Wabunge wanaingia jukwaani

Miaka minne tu baada ya teatri kumalizika, Kongo ilipata uhuru. Katika Katanga uchaguzi wa Mei 1960 uligawa watu. Chama cha Conakat cha Moïse Tshombe na kambi ya Balubakat ya Jason Sendwe zilikaribiana kwa viti. Balubakat ilisusia bunge la jimbo, na bila wao idadi iliyotakiwa na sheria haikutimia. Ubelgiji ukabadilisha sheria mwezi Juni, kabla ya siku ya uhuru yenyewe, ili serikali ya Conakat iweze kuundwa. Wengi wa upande wa Balubakat hawakusahau.

Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Kongo ilipandishwa. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja tu baadaye, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Inchi mpya ilihitaji bendera, wimbo, pesa na bunge. Bendera ilipewa misalaba mitatu midogo ya shaba, ile ambayo mababu waliitumia kama pesa. Wimbo ulitungwa na Joseph Kiwele, ambaye pia alifanywa waziri wa elimu, akafa mwaka 1961. Na bunge? Bunge lilipewa teatri.

Hivyo jukwaa lililokuwa la wachezaji likawa la wanasiasa. Mtu mweusi ambaye miaka michache nyuma hangekaribishwa kuangalia mchezo sasa aliketi pale kama mbunge. Kwa wengine ilikuwa alama ya heshima. Kwa wengine, hasa wale ambao ndugu zao wa kaskazini walikimbia vijiji vilivyochomwa, ilikuwa alama ya utengano. Mpaka leo, ukikaa na wazee wanne wa Lubumbashi na kutaja « wakati wa Tshombe », usitegemee watakubaliana.

Majirani waliobeba mzigo wa vita

Nyumba nyingine za mji nazo ziliona mambo mazito. Jioni ya tarehe 17 Januari 1961, ndege iliyomleta Patrice Lumumba pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito ilitua Luano. Wakati ndege inakaribia, Tshombe alikuwa ameketi katika ukumbi mjini akitazama filamu yenye jina la Uhuru. Usiku uleule wafungwa hao watatu waliuawa porini. Burudani ya jioni na kifo cha waziri mkuu viliachana kwa saa chache tu.

Hoteli Léopold II ilijaa waandishi wa habari wa dunia nzima, na askari wa kukodiwa walionekana mjini. Tarehe 13 Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza operesheni iliyoitwa Morthor. Walikwenda kwanza mahali pawili: kwenye radio na kwenye posta kuu. Aliyeshika posta alishika simu na telegrafu, na aliyeshika radio alishika masikio ya watu. Katika posta walipigana vikali, katikati kabisa ya mji, karibu na maduka ambamo watu walikuwa wakinunua mikate siku moja kabla. Siku chache baadaye Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, alipokuwa njiani kwenda kuonana na Tshombe. Mapigano yalirudi Desemba 1961, na tena mwisho wa 1962. Januari 1963 kujitenga kulikwisha.

Leo uwanja ulio mbele ya posta una jina la Moïse Tshombe, na sanamu yake imesimama pale. Wabadilisha pesa, wauza kadi za simu na wanafunzi wanapita chini yake kila siku bila kuinua kichwa.

Majina yanabadilika, viti vinabaki

Mwaka 1966 Élisabethville ukawa Lubumbashi, jina la mto wake. Miaka michache baadaye Katanga yenyewe ikaitwa Shaba. Ilikuwa enzi ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, na majengo ya mji yalipata majina ya Kiswahili ambayo yamebaki mpaka leo. Collège Saint-François de Sales ya Wasalesiani ikawa Imara. Institut Marie-José ya wasichana ikawa Tuendelee. Cercle Albert-Élisabeth, mahali ambapo mtu mweusi hakuingia isipokuwa kwa kubeba sinia, ikawa Makutano.

Teatri nayo ilipata jina la tarehe 30 Juni. Fikiria maana yake: nyumba ambamo liliketi bunge la inchi iliyojitenga na Kongo ilipewa jina la siku ya uhuru wa Kongo. Ilikuwa njia ya kufunika ukurasa mmoja kwa ukurasa mwingine. Jina lilishika. Ukurasa wa chini bado unaonekana.

Siasa haikuondoka. Mwaka 1997 askari wa AFDL waliingia Lubumbashi mwezi Aprili, na ni katika mji huu Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais wa Kongo tarehe 17 Mei. Agosti 2000, inchi ikiwa bado vitani, Kabila aliunda bunge la mpito lenye wajumbe mia tatu, akaamua makao yake yawe Lubumbashi, mbali na Kinshasa. Kwa mara nyingine jengo la 30 Juni likafunguliwa kwa wabunge, safari hii waliotoka pembe zote za inchi. Baada ya uchaguzi wa 2006 likawa makao ya bunge la jimbo la Katanga. Na tangu mwaka 2015, jimbo lilipokatwa vipande vinne, limebaki na wabunge wa Haut-Katanga peke yao. Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika walikwenda kutafuta kumbi zao.

Teatri ilihamia wapi?

Mtu anaweza kudhani kwamba mji uliopoteza jukwaa lake ulipoteza pia michezo yake. Haikuwa hivyo. Teatri ilitoka katika nyumba yake ikahamia kwa watu.

Waliojulikana kuliko wote ni kundi la Mufwankolo. Mufwankolo ni jina la mchezo la Odilon Kyembe Kaswili. Yeye na wenzake hawakungoja ukumbi wa viti vya kitambaa. Walicheza kwenye radio, kisha kwenye televisheni, katika Kiswahili kilekile cha sokoni na cha kambi za wafanyakazi. Hawakuandika maneno yote kwenye karatasi. Walikubaliana hadithi, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake papo hapo. Waliwachekesha watu kuhusu mume mlevi, mke mwenye tamaa, mkubwa wa kazi anayekula rushwa, na mjomba wa kijijini anayefika bila taarifa.

Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa yote, hayagawanywi. Badala ya kujibu kwa maneno, waliamua kutengeneza mchezo. Waliufanyia mazoezi, wakaucheza katika kijiji cha Kawama karibu na Lubumbashi, mbele ya wanakijiji. Ulihusu mfalme, na nini hutokea watu wake wanapoacha kumheshimu. Katika enzi ya Mobutu, kuuliza mamlaka huliwa namna gani lilikuwa swali la hatari kidogo, na kila mtu alielewa. Fabian alichapisha kitabu kuhusu mchezo huo mwaka 1990.

Kwa hiyo katika miaka ileile ambapo nyumba ya michezo ilikuwa na jina la siasa, mchezo mkubwa kuhusu siasa ulichezwa uwanjani, kijijini, bila pazia. Vivyo hivyo mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya inchi katika miaka ya 1970 na kuuza picha zake nyumba kwa nyumba: Lumumba amefungwa kamba, Tshombe na bendera yake, wafanyakazi wa Union Minière. Historia ambayo haikusemwa kwenye jukwaa ilitundikwa ukutani sebuleni.

Jirani aliyevumilia

Pembeni ya jengo la 30 Juni, jumba la makumbusho liko bado. Lilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, mtafiti wa mambo ya kale, na kwanza liliitwa kwa jina la mfalme Léopold II. Lilipita katika vita na katika miaka mirefu ya mishahara isiyofika. Ndani yake kuna kumbukumbu za watu walioishi Katanga kabla ya reli, na misalaba ya shaba, ile pesa ya mababu iliyotumika kulipa mahari na kununua bidhaa zamani kabla ya Union Minière.

Tofauti na jirani yake, makumbusho yalifungua mlango. Tangu mwaka 2000, mradi wa chuo kikuu ulioitwa « Mémoires de Lubumbashi », pamoja na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu, uliwaalika wakaaji wa komini walete ukumbusho wao wa nyumbani: vitu vya kazi, vya jikoni, picha za zamani. Vitu vya watu wa kawaida vikapata nafasi mahali palipojengwa bila kuwafikiria. Na tangu mwaka 2008, tamasha la Picha, lililoanzishwa na Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao, limeleta wasanii wa Kongo na wa inchi nyingine Lubumbashi, na makumbusho yakawa moja ya mahali pa kuonyesha kazi zao. Hatua chache kutoka kwenye jukwaa la zamani, sanaa imerudi katika mtaa wake. Wale wanaotaka kucheza teatri katikati ya mji wanajua pia njia ya Halle de l'Étoile.

Nyumba moja, majina mawili

Je, jengo lirudishiwe kazi yake ya kwanza? Swali hili huzuka kila mara vijana wa vikundi vya michezo wanapotafuta ukumbi na kukosa pesa za kukodi. Jibu si rahisi. Bunge la jimbo linahitaji mahali, na wabunge waliochaguliwa na raia wana haki ya kuketi katika nyumba yenye heshima. Pia si kweli kwamba teatri ya mwaka 1956 ilikuwa ya watu wote. Kuililia kana kwamba ilikuwa mali ya Kamalondo na Kenya ni kusahau zone neutre.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji bajeti kubwa. Mwanafunzi wa Imara au wa Tuendelee anaweza kupita mbele ya jengo hilo miaka sita ya masomo bila kujua kwamba lilikuwa teatri, kwamba mchoraji wake alitumia neno la Kiswahili kwa jina la kikundi chake, kwamba bunge la Katanga ya Tshombe liliketi ndani, na bunge la Kabila baada yake. Kibao kimoja ukutani chenye tarehe na majina kingetosha kuanza. Siku moja kwa mwaka ya kuwafungulia wanafunzi milango, wakati hakuna kikao, ingesaidia zaidi. Na jioni moja ya mchezo, kwa Kiswahili cha hapa, juu ya jukwaa lile, ingekuwa mara ya kwanza kwa watoto wengi wa komini kukaa kwenye viti ambavyo babu zao walibebea saruji.

Wazee wanaosema « ku teatri » wanapungua kila mwaka. Wakiondoka wote na neno hilo likaondoka nao, jengo litabaki na jina moja tu, na nusu ya historia yake haitakuwa na wa kuisimulia.